Jogoo wa Mama Mbeya

Jumamosi, Oktoba, jua linakaribia kuzama. Upepo wa Iringa haujapumzika tangu asubuhi, umeleta vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai. Nimechoka na ninajichukia, na jikoni kwangu hapa Kihesa kuna jogoo aliyefungwa mguu kwenye meza.

Jogoo huyu ni wa mtu ambaye hayupo. Sisemi kwamba amesafiri, wala kwamba amefariki. Hayupo kabisa. Nilimtunga mimi.

Ngoja niandike tangu mwanzo, maana nikiendelea kulibeba hili kichwani litaniua.

Baba yangu analima nyanya Ilula. Ana kinyungu, yaani shamba la bondeni ambako udongo unashika maji hata kiangazi. Zamani baba alilima na mama akauza, na hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Mama alipofariki, baba akalazimika kwenda kukaa yeye kwenye meza ya mama sokoni, na kazi hiyo haiwezi. Hajui kuita wateja. Wenzake wanapanga nyanya nzuri juu na zilizopondeka chini. Yeye akiona nyanya ina doa, anaigeuza doa likae juu ili mnunuzi alione. Niambie, mtu wa namna hiyo atamuuzia nani?

Kiangazi cha mwaka jana nyanya zilifurika Ilula mpaka mbuzi walizisusa. Nilienda Jumamosi moja kununua mboga zangu za wiki, nikamkuta baba na matenga yake matatu tangu alfajiri, hajauza hata moja. Dalali alipita akamtajia bei ya matusi. Baba hakubishana naye. Alisimama, akainua tenga la kwanza, akalimwaga mtaroni. Kisha la pili. Kisha la tatu. Halafu akakalia tenga tupu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi:

"Na mimi ningemwagwa hapohapo tu, Oliva. Tungekuwa tumemaliza."

Nilihisi baridi na jua lile lote la Ilula. Nikafungua mdomo bila kujua nitasema nini, na uongo ukatoka umekamilika, una miguu na mikono.

"Baba, kuna mama mmoja Mbeya ana hoteli. Anatafuta mtu wa kumpelekea nyanya kila Jumamosi. Matenga mawili. Nilikuwa nakuja kukuambia."

Akauliza swali la mkulima: "Mbeya si wana nyanya zao?"

"Anasema za huku ni ngumu, hazina maji mengi."

Hapo akatabasamu. Nyanya zake zilikuwa zimesifiwa. Tangu mama afariki sikuwa nimeliona tabasamu lile.

Basi tangu siku hiyo, kila Jumamosi naacha imefungwa ofisi ninayofanyia kazi ya kuchapa na kutoa kopi, napanda Kosta ya Ilula, nanunua matenga mawili kwa baba yangu mzazi kwa niaba ya mwanamke wa hewani. Yeye anajua nikifika Iringa nayapandisha basi la Mbeya. Ukweli ni kwamba yanaishia hapa uani. Tenga moja namwachia mama ntilie wa jirani kwa chochote alichonacho. La pili nagawa, nakausha juu ya bati, napika rojo. Mwenzangu wa kwaya aliwahi kuniuliza kama nimeweka nadhiri ya kutokula kitu kingine. Pesa nilizokuwa naweka ili nirudi chuo zimekwenda zote huko, na sikuzilalamikia. Niliziona ni dawa ya baba.

Na kweli alipona. Alianza kunyoa ndevu. Alianza kuongea sokoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa yule mwanamke jina: Mama Mbeya.

Nikiri na hili: nilianza kumpenda Mama Mbeya, na nilianza kumwonea wivu. Mimi nikimwambia baba ameze dawa za presha, ananijibu kwamba mimi si daktari. Nikimwambia Mama Mbeya anauliza kama mzee wetu anameza dawa zake, anatoa kikopo mfukoni kunionyesha. Jumamosi moja niliugua sikuenda, nikasingizia kwamba Mama Mbeya ameteguka mguu hoteli imefungwa. Wiki nzima baba alimwombea kanisani. Mimi niliyekuwa naumwa kweli sikuombewa, maana hakujua.

Mwezi wa sita nilienda Mbeya kwenye msiba wa binamu. Nikapita soko la Mwanjelwa, nikakuta nyanya zimelundikwa za kwao wenyewe, ngumu, nyekundu, rahisi kuliko za Ilula. Niliinamisha kichwa kana kwamba wauzaji wananijua. Niliporudi, baba akaniuliza, "Umemwona?" Nikasema nimemwona. Akataka nimweleze alivyo. Nikamwambia ni mnene wa wastani, ana mwanya, anaanza kucheka kabla hajamaliza sentensi, na akiwa anakusikiliza anashika kiuno.

Nilikuwa nimeshapanda gari kurudi nyumbani ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimemweleza mama.

Siku ile baba alisema tu, "Ni mtu mzuri, basi."

Sasa leo.

Nimeshuka Ilula saa tatu, jua tayari linachoma. Wauzaji wa barabarani wanakimbilia mabasi na vikapu vya vitunguu kichwani kama kawaida. Nimeingia sokoni, nikaona meza ya baba iko tupu. Mama Deo, anayeuza hoho na karoti meza ya pili, akaniita kwa mkono.

"Kamwene, Oliva. Usiogope, mzima. Anakuja na mkokoteni. Lakini baba yako ana kichwa kigumu! Jana gari ya tajiri ilikuja hapa kutoka Dar. Sisi wote tumeuza. Yeye akaambiwa leta yote, mzee, tunabeba yote. Akakataa! Anasema hii nyanya ina mwenyewe."

"Ina mwenyewe nani?"

"Si Mama Mbeya wenu."

Nilishika ukingo wa meza ya Mama Deo. Karoti mbili zikaanguka na sikuinama kuziokota.

Kisha nikauona mkokoteni unakuja. Baba anausukuma kwa nyuma, amevaa koti lake la misibani na harusini, jasho linamtiririka shingoni. Juu ya mkokoteni kuna matenga. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Nikahesabu tena. Tisa. Kila tenga limefunikwa majani mabichi na kufungwa kamba vizuri, kama mama alivyokuwa anafunga. Juu kabisa, amelazwa kwa upole kwenye majani, jogoo mwekundu mwenye shingo ya dhahabu.

"Kamwene, mwanangu! Umeona?" Alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja. "Nilitaka nikushtukize. Nilimuuza ng'ombe tangu mwezi wa saba, nikakodi na kinyungu cha jirani. Nikasema huyu mama ametuchukulia mbilimbili mwaka mzima, hajawahi kulalamika. Hoteli inakua hiyo, haibaki palepale. Na sisi tukue naye."

Ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe wengi. Tulikuwa na mmoja. Mama alimnunua akiwa ndama, kwa pesa ya nyanya zake.

Baba akaondoa majani kwenye tenga moja anionyeshe. Sijawahi kuona nyanya kama zile. Zote saizi moja, zote zimefutwa kwa kitambaa, hakuna hata moja yenye doa la kugeuzwa juu. Mama Deo akasema kwa pembeni, "Anakula zilizopasuka yeye. Nzuri zote anamtunzia huyo mama." Baba akamwonya kwa macho, kama mvulana aliyesemewa.

Kisha akamchukua jogoo kwa mikono miwili, akanikabidhi.

"Huyu mpe yeye. Mwambie ni shukrani. Mwambie alinikuta chini."

Mimi ni mtoto wa nyumba ile. Najua jogoo wa namna hiyo maana yake nini. Kwetu jogoo hukabidhiwa mtu uliyemaliza kumpima ukamwona ni ndugu. Hauzwi, na harudi. Ukimrudisha, umemrudishia mwenye kuku moyo wake.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilijua kabisa. Nilipanua mdomo, nikasema, "Baba." Akaniangalia, ndevu zimenyolewa, kola imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, macho yanasubiri habari za Mama Mbeya.

Nikasema, "Atafurahi sana."

Sikuishia hapo. Ningeishia hapo labda leo ningekuwa na nafuu. Nikamwambia leo naweza kuondoka na mawili tu kwa sababu Kosta imejaa, ila Mama Mbeya atatuma gari lake mwenyewe kuja kuchukua saba yaliyobaki. Akauliza lini. Nikasema Jumatano.

Jumatano! Na mimi nimelelewa kwenye nyanya. Nimeziona kwa macho yangu, zilikuwa zimeiva kwa ajili ya kuondoka leo. Kwa joto hili, kesho zitaanza kulainika. Jumatatu zitatoa maji chini ya tenga. Jumatano hazitakuwa nyanya. Yeye anajua zaidi yangu. Nilimwona akiyatazama matenga, akipiga hesabu za siku kimoyomoyo, kisha akakubali kwa kichwa.

"Haina shida. Nitazihamishia kivulini, nitakuwa nazichambua kila asubuhi. Mama wa watu ana shughuli zake."

Hakumlaumu hata kidogo. Mimi angenilaumu.

Njiani kurudi nilikaa dirishani na jogoo mapajani. Alitulia tu. Abiria mmoja akanitania, "Dada, unapeleka ukweni?" Nikacheka ili asiniulize tena. Tulipopita Ndolela nilikuwa nalia, nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Ninajiuliza nilichokuwa nafikiria mwaka mzima huu. Nilidhani namsaidia. Labda nilikuwa najisaidia mimi, nisilisikie tena lile neno lake la mtaroni. Ingekuwa rahisi kumwambia baba, mimi mtoto wako nitakula nyanya zako, njoo tuuze wote, nifundishe, nikufundishe. Badala yake nikamtafutia mgeni. Kwa nini sikufikiri kwamba mtu akipata tumaini atalifanyia kazi? Nilimpa mkulima tumaini nikashangaa kwamba amelipanda.

Sasa ng'ombe wa mama hayupo. Gari la tajiri limeshaondoka, na halirudi kwa ajili ya matenga saba. Mwaka jana alimwaga matatu. Mwaka huu atamwaga saba, na safari hii sijui atakaa juu ya tenga lipi na atasema nini.

Naogopa. Niandike hivyohivyo. Namwogopea baba yangu.

Nilipofika hapa sikuwa hata nimevua viatu, simu ikaita. Ni yeye. Alitaka kujua kama jogoo amefika salama, na kama nimempa maji. Nikasema nimempa. Nikakimbia kumpa huku simu iko sikioni, ili angalau hilo liwe kweli. Kisha nikasikia upepo wa huko, na baba akasema:

"Mwambie gari ikichelewa asijisumbue. Hata ikija Alhamisi. Mimi namsubiri tu, sina haraka naye."

Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko chini ya mti wa parachichi nyuma ya nyumba, amezimwagilia matenga maji kwa juu na kuyafunika vitenge vya mama, yapate ubaridi. Vitenge vyote. Vile ambavyo hatujawahi kuvigusa tangu tuzike.

"Mama yako angemwelewa huyu mtu," akasema. Kisha akakata, kulinda salio.

Nimekaa hapa tangu muda huo. Nimejaribu kutafuta uongo mwingine. Mama Mbeya amefilisika. Mama Mbeya amehamia Dar. Mama Mbeya amefariki. Hili la mwisho nililifikiria kwa dakika nzima, Mungu anisamehe, mpaka nikaona sura ya baba akiambiwa kwamba yule mwanamke mwenye mwanya naye amekufa. Nitamzikisha mke mara mbili?

Hapana.

Kesho ni Jumapili. Zile nyanya bado zina siku moja, pengine moja na nusu. Ofisini kuna karatasi, naweza kuandika mabango. Mama ntilie ana ndugu anayemiliki gari, Noah. Waumini wakitoka misa ya pili hapa Kihesa ni wengi, na mimi ninaweza kuita wateja, nilimsikia mama akifanya hivyo miaka kumi na tano. Labda tutaokoa matenga manne. Labda matano. Ng'ombe hatutamwokoa.

Lakini kwanza lazima niende kule, na nitaenda na jogoo mkononi. Baba akimwona anarudi atakuwa ameshajua nusu kabla sijasema salamu. Hiyo nusu nyingine nitaisema mimi, nimesimama mbele yake, bila kumtumia mtu mwingine yeyote. Sijui atanitazama vipi. Sijui kama ataniita mwanangu.

Nimemwekea jogoo punje za mahindi na amekula zote. Sitatega kengele ya simu. Kosta ya kwanza inaondoka alfajiri, na huyu ataniamsha.