Zuhura, Waambie Hatuuzi

Mpendwa mjukuu wangu Zuhura, uliyebeba jina la bibi yako,

Nina miaka themanini na miwili. Marehemu dada yangu alikuwa akisema themanini na minne, lakini yeye alipenda kuniongezea ili aonekane mdogo. Nimezika wake wawili, Mwenyezi Mungu awarehemu. Nimezika na madaktari wawili walioniambia nisipoacha tumbaku sitaumaliza mwaka. Wenyeviti wa chama cha ushirika wamepita mbele yangu mpaka nimesahau idadi. Mikorosho niliyoipanda kwa mkono wangu kule Ng'apa imezeeka, imekatwa, imepandwa mingine, na mimi bado napanda ngazi za msikiti bila mkongojo. Kwa hiyo usinisome kama mtu anayeaga. Nisome kama mtu mwenye haraka kidogo.

Marahaba, maana najua ulipoona mwandiko huu ulisema shikamoo.

Naandika mwenyewe, kwa herufi zangu za kisomo cha watu wazima, zile ulizokuwa unazicheka kwamba zinatembea kama kaa. Mama yako amekaa pembeni, alitaka aandike yeye kwa sababu amefika kidato cha nne. Nimemkatalia. Nikimaliza atapiga picha kila ukurasa akurushie kwenye simu. Na nimemwambia asiifiche. Anayetaka kuisoma hapa Mtanda aisome, barazani, dukani, hata kwa kinyozi. Mshahara wako umekuwa habari ya mtaa mzima, basi na jibu lake liwe la mtaa mzima.

Nimeusikia ule ujumbe wa sauti uliomtumia mama yako. Haukuwa wangu, lakini nina masikio. Ulisema, "Mama, sijui nifanye nini. Wakala wa ajira anataka nitie sahihi mkataba wa mwaka wa pili kabla mwezi haujaisha. Mshahara ni ule ule, ila wananihamishia mji mkubwa. Nikikataa, paa la nyumba tunayojenga Rasbura litakuwaje?" Halafu zikasikika pikipiki za huko Tailandi zikipita. Mama yako aliurudia ujumbe ule na kuurudia. Mimi mara moja ilinitosha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwafundisha kuku Kiingereza? Ulitandika jamvi uani, ukashika kijiti cha mnazi, ukawapanga. Kuku walipotawanyika ukanikamata mimi. "Babu, sema gud moning ticha." Nikasema. Ukanigonga goti. "Mwanafunzi akimjibu mwalimu anasimama!" Nikasimama. Zuhura, mimi sikumsimamia hata mkuu wa wilaya alipokuja kuzindua kisima, wanasimulia mpaka leo. Nilikusimamia wewe, hujaota hata meno ya mbele vizuri.

Ndiyo maana ulipomaliza chuo cha ualimu ukakaa miaka bila kupangiwa shule, nilikuwa nikikuona unafua sare za watoto wa wenzio na moyo unaniuma kama jino. Na siku wakala alipokupigia simu kwamba Tailandi wanataka walimu wa Kiingereza, ukakimbia kutoka barabarani mpaka uani ukitaja mshahara kwa sauti, mama yako aliiacha nazi kwenye mbuzi. Nikaenda dukani wakanigeuzia mshahara huo kwa shilingi. Kabla ya magharibi msikiti mzima ulikuwa unajua. Nilitangaza, na ningetangaza tena. Mtu mwenye mjukuu kama wewe akinyamaza, watu watadhani anaumwa.

Lakini baada ya ujumbe wako nilitaka kujua mshahara ule unakwenda wapi. Nikamwambia mama yako alete ungo wa korosho zilizobanguliwa. Akadhani nina njaa. Nikazimwaga kwenye mkeka nikasema, "Huu ndio mshahara wa Zuhura wa mwezi."

Mzee Mbonde alikuwa ameshafika. Unamjua mtani wangu yule wa Kilwa, pua yake inasikia korosho za kukaanga toka stendi.

"Mbona mwingi hivi?" akasema. "Niozeni huyo mtoto."

"Kwanza tafuta meno ya kulia hiyo harusi," nikamjibu.

Mama yako akawa anataja, mimi natenga. Kodi ya chumba, fungu. Umeme wa feni, maana ulisema joto la huko linalishinda la kwetu, fungu. Pikipiki ya kwenda shule na kurudi. Chakula, na hapo mama yako alieleza kwamba nyama ya halali unaifuata upande wa pili wa mji, na ukikosa nauli unakula wali na mayai. Kibali cha kazi, na ile safari ya mpakani ya kugongewa muhuri. Kabla hujaondoka wakala alisema hivyo ni juu ya shule. Ulipofika vikawa juu yako. Nikatenga. Kisha fungu la wakala mwenyewe, analolikata kila mwezi kabla mshahara haujakugusa.

Hapo Mzee Mbonde akachota korosho mkekani akaanza kutafuna.

"Wewe vipi?"

"Mimi ndiye wakala. Kila mkihesabu, nakata."

"Rudisha, mwizi mkubwa!"

"Wakala gani umewahi kusikia anarudisha?"

Tulicheka mpaka mama yako akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Nilimwona, machozi yale hayakuwa yote ya kicheko. "Bado, baba," akasema. "Miezi ya likizo shule haiwalipi." Nikapunguza tena, maana kodi ya chumba haiendi likizo. "Na humo humo ndimo anamotoa hela ya bati."

Zilizobaki niliweza kuzifunika kwa kiganja. Mzee Mbonde aliziangalia, akajifuta mdomo, akarudisha mkono wake mapajani. "Hizi sizigusi, mwenzangu," akasema. "Hizi ndizo mtoto mwenyewe."

Na huo ni mji mdogo, chumba chake rahisi. Mshahara ule ule katika mji mkubwa, hata mimi wa kisomo naweza kuona kiganja kitafunika nini.

Sasa nikukumbushe kitu kilicho chako. Ulikuwa darasa la tatu. Nilikuchukua Ng'apa msimu wa korosho, ukaokota kama mtu mzima, tukaenda chama kupokea malipo. Ulisimama kwenye ncha za vidole ukachungulia dirisha la karani, ukauliza, "Babu, bei waliyoisoma pale nje siyo hii. Nyingine imekwenda wapi?"

Karani akacheka. "Makato hayo, mtoto."

"Makato ya nini na nini?"

Ikabidi ataje: magunia, gari, ghala, ushuru, chama. Ulikuwa unakunja kidole kwa kila moja. Watu kwenye foleni wakasogea kumsikiliza karani anavyotaja. Mimi nikageuka nikawaambia, "Huyo ni wangu." Tangu siku ile Ng'apa tunasema kuna bei ya kusomwa na bei ya kushikwa, na wanaosema hivyo wengi hawajui maneno hayo yalitoka kwa nani. Wakala alikusomea bei. Sote tulisikia ya kusomwa tu, kwa furaha, hata wewe mwenye swali lako.

Na msimu uliofuata unaukumbuka? Barua za wanunuzi zilifunguliwa mnadani, bei ikasomwa, ikawa ya kutukana watu. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya, na unajua korosho ikinyeshewa inashuka daraja. Bwana mnada akauliza, "Wakulima, mnauza, hamuuzi?" Kila mtu alikuwa anaangalia juu. Nikasimama mimi, nikasema, "Hatuuzi!" Wewe ulikuwa umekaa juu ya magunia, ukapiga kelele kwa ile sauti yako ya kufundishia kuku, na uwanja mzima ukafuata. Hatuuzi! Hatuuzi! Wanunuzi wakapanda gari zao wakaondoka.

Nyumbani tulikunywa chai isiyo na sukari. Bibi yako alikuwa akinimiminia na kusema, "Kunywa, shujaa, sukari yako iko ghalani." Lakini hakuniambia niende nikabembeleze. Mvua ilitusubiri. Wanunuzi wakarudi na bei nyingine, si kubwa kama Mbonde anavyoisimulia akishakunywa kahawa, lakini ya heshima, nami nikakununulia viatu vya shule vyenye kisigino.

Ninachotaka ukione ni hiki. Siku ile hatukuacha kuwa wakulima. Tulikataa bei, korosho zikabaki zetu, na hao hao waliopanda gari wakaondoka ndio waliorudi.

Basi kabla hujatia sahihi, mkunjie wakala vidole. Kibali ni chako au ni changu? Miezi ya likizo nalipwa na nani? Chumba cha mji mkubwa kinadai kodi ya miezi mingapi mbele, na nani anaitoa? Na wewe mwenyewe unakata kiasi gani, kwa kazi ipi? Asikujibu kwa simu, aandike kwenye mkataba. Bei ya kushikwa ikiwa nono, baki. Mimi si babu wa kukulilia urudi. Baki hata miaka kumi, uisimamishe Tailandi nzima ikuambie gud moning. Ikiwa ni kiganja kile kile, waambie hatuuzi. Mtafute mwenye shule mwenyewe mzungumze bila mtu katikati, au nenda kwa mwingine, au panda ndege uje nyumbani.

Najua unaogopa nini. Unaogopa kurudi na begi lile lile, watu wakuhesabie. Wahesabu. Nitakaa barazani mwenyewe kuwasikiliza, na yeyote atakayefungua mdomo nitamtandikia mkeka na korosho, aanze kunitajia makato.

Paa la Rasbura nimelichukua mimi. Korosho za msimu huu zitaezeka chumba cha mama yako, vingine vitangoja. Ameniambia, "Baba, na magoti yako hayo?" Nimemwambia magoti yangu yamesimama mbele ya mwalimu mkali kuliko yeye. Hela yako ya mwezi huu kula nyama. Ukituma bati, nitazirudisha dukani na kukununulia tiketi.

Na wanaokupigia simu za michango, harusi ya fulani, ngoma ya unyago wa binti fulani, wasome hapa: kuanzia leo kadi za Zuhura zinaletwa kwangu. Nitachangia kwa korosho, na Mzee Mbonde atakata kwanza.

Alasiri nikikaa uani kuku wanapita, nawaambia gud moning. Hawajibu, hukuwafundisha vizuri. Kijiti chako bado kimechomekwa kwenye makuti ya jiko, nimemkataza mama yako kuwashia moto. Nimekukumbuka, Zuhura. Sikuliandika hilo mwanzoni kwa sababu ningelianza, nisingefika kwenye bei.

Wapo watakaokwambia babu yako anatia chumvi. Shahidi wangu wa mnada na wa mkeka ni Mzee Mbonde. Katika miaka yote ya utani wetu hajaacha hata nafasi moja ya kuniita mwongo mbele za watu, kwa hiyo nimemsomea barua hii yote, neno kwa neno, nikimtazama usoni. Ameyaitikia yote. Mahali pamoja tu amenishika mkono. Anasema siku ile mnadani siyo mimi niliyeanza. Anasema sauti ilitoka juu ya magunia, ya mtoto, na mimi nikasimama nikiwa naifuata.

Nimeacha nilivyoandika, maana wino wa kalamu hii haufutiki. Lakini muulize, namba yake unayo. Halafu anza tena wewe, nami nitasimama.

Babu yako,
Mtanda, Lindi