Kitabu Nilichokataa Kutafsiri

Alhamisi, Nakuru

Leo nimekataa.

Bwana mkubwa wa ofisi alinipa kitabu cha Kiingereza cha watoto wa shule za Njoro, ili nikitafsiri kwa Kiswahili. Ndani yake mvulana anawaonyesha askari alipojificha baba yake, aliyeingia msituni kupigana na Wazungu; mvulana anaitwa shujaa, amani inarudi.

Nikauliza, "Bwana, jioni hiyo mama wa mvulana huyo atampikia chakula?"

Akacheka. "Karani, wewe tafsiri tu."

"Hiki sitakitafsiri, Bwana."

Tarishi wetu, Mzee Barasa, alinivuta mlangoni. "Kijana, una wazimu? Watakurudisha rizavu kwa lori, ukafungiwe huko na watu wa kabila lako!"

Wanaweza, hata kesho. Naogopa. Lakini kama watoto wetu lazima wafundishwe kumsaliti baba, watafundishwa kwa Kiswahili cha mtu mwingine.