Zabibu Zilizongoja Novemba

Barile,
19 Machi 1961.

Mpendwa mdogo wangu Donato,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Kifua chako kimepona? Watoto wanaendeleaje huko Buenos Aires? Mimi goti bado linanisumbua, lakini leo nimepanda kilima bila fimbo, kwa furaha tu.

Donato, nimeshinda!

Kaka Canio alikuandikia kwamba mizabibu ya baba, yote ya aina ya Aglianico, ing'olewe, hata sehemu yako anayoitunza, eti inachelewa kuiva na divai yake ina ukakasi. Nilikataa katakata. Tukapatana kila mmoja avune anapotaka, kisha tuonje leo, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Yangu isipoishinda yake, tung'oe yote.

Aliogopa mvua, akavuna yake na yako Oktoba. Mimi kila asubuhi nilitafuna mbegu za zabibu zangu kupima kama zimeiva. Zilikuwa za kijani na chungu, nikazitema nikarudi nyumbani. Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, ikapita. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, naye Canio ananipigia kelele kutoka ng'ambo ya ukuta: "We Incoronata, unavuna au unamsubiri bwana harusi?"

Siku ya tatu nililia, sikufichi. Lakini ganda la Aglianico ni gumu, halikuoza. Tarehe kumi na mbili mbegu zilikuwa za kahawia, zikavunjika menoni kama karanga za kukaanga. Nikavuna vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Leo tumefungua mapipa katika pango la kuhifadhia divai, majirani wamejaa. Divai yake ilikuwa kali kwa uchachu. Lucrezia, mkewe mwenyewe, alikunja uso: "Hii tutie kwenye saladi."

Yangu ni nyeusi, inanukia plamu zilizoiva. Ukakasi upo, tena wa kukwaruza ulimi, lakini ladha haitaki kutoka mdomoni. Canio alikunywa, akasogeza bilauri.

"Nimiminie tena. Na acha kucheka."

"Nani anacheka, kaka?"

Nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Hakuna mzabibu utakaong'olewa. Tena amenikabidhi na sehemu yako, mbele ya watu wote.

Nisalimie wifi yangu Elvira, na wanangu Rocco na Nélida. Mungu awape afya na mkate wa kutosha mezani.

Na mwaka huu, hata ukisikia mvua imenyesha wiki nzima, usithubutu kuniandikia kuniuliza zabibu zako nitazivuna lini.

Dada yako akupendaye, asiyesikia la mtu,
Incoronata