Nilimtetea Mamba

Pugu, Dar es Salaam
Jumatano, baada ya adhuhuri

Shoga yangu mpenzi Mama Didas,

Salamu zangu zikufikie hapo Rombo ukiwa mzima, wewe na Didas na mdogo wake, na mama mkwe wako umpe shikamoo yangu ya peke yake. Je, umeizoea baridi, au baridi ndiyo imekuzoea wewe? Monica, anayetuletea ndizi kutoka huko kwenu, ananiambia siku hizi unalala na soksi na sweta, nami nimecheka sana, maana huku ulikuwa ukilala na feni mpaka inalia. Sisi hatujambo kiasi chetu. Mvua zimeharibu njia yote ya kwenda sokoni, na mkaa umepanda bei mpaka mtu unaona aibu kuuliza. Lakini pumzi ipo, tunamshukuru Mungu.

Najua utanilaumu kwa kutopiga simu. Naogopa simu, shoga yangu. Nyumba zetu hizi unazijua, ukikohoa chumbani kwako jirani anakuambia pole. Ndiyo maana nimemkabidhi Monica barua hii mkononi, na nimemwomba akupe ukiwa umekaa. Ina habari za mumeo Gaudens. Tafadhali usiruke mistari kuitafuta habari yenyewe. Twende taratibu, maana nikikupa bila mwanzo wake hutaniamini.

Utakuwa umesikia kwamba mdogo wangu Khalfani alipata kazi kwa Bwana Rogers, kwenye bustani ile ile ya nyama choma ambako mimi na wewe tulikuwa tukipika, na mumeo akilinda na kumlisha mamba. Gaudens alipotoweka, kazi ya kumlisha mamba ilikosa mtu. Bosi alimlisha mwenyewe kwa muda mrefu, jambo ambalo lilitushangaza, kisha akampa Khalfani. Mimi nilikataa, lakini mwanamume mwenye watoto ukimwambia asifanye kazi utamlisha wewe? Bosi alimpa sharti moja tu, kwamba lile bwawa la saruji lisikaushwe hata siku moja. Alisema mamba akikaushiwa maji anakufa kwa kihoro.

Mamba mwenyewe unamkumbuka. Jumapili watu wanakula nyama choma, watoto wanamrushia mifupa na vizibo vya soda, na yeye amelala tu kama gogo mpaka aonyeshwe nyama, ndipo aruke. Siku ya tukio mvua ilikuwa inanyesha. Khalfani aliteleza ukingoni akiwa na ndoo ya vichwa vya kuku. Mie nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikasikia sauti nikadhani ni ya mbuzi. Nilipofika, mkono wake wa kulia haukuwepo kuanzia kwenye kiwiko, na mamba alikuwa ameshazama nao. Damu niliiona, lakini kilichonitisha zaidi ni yale maji, jinsi yalivyotulia upesi.

Tulimkimbiza hospitali akapona, kama kuishi na mkono mmoja ni kupona. Siku chache baadaye ukoo ulikaa kikao hapa kwangu. Ami Hija alitoka Msasani, yule ami yangu uliyekuwa ukimwogopa kuliko polisi. Alisema mkono wa mtu ni mtu. Ukikatika huvikwa kitambaa cheupe ukazikwa, haukai tumboni mwa mnyama huku mwenyewe anatembea. Tena akasema mamba akishaonja mtu hasahau, na kwa hiyo auawe, apasuliwe, mkono utolewe.

Bwana Rogers naye alikuja kikaoni, na sukari na mchele kama mtu anayekuja msibani. Alizungumza kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. Alisema mnyama hana dhambi. Sisi ndio tuliomtoa mtoni tukamfungia kwenye saruji, halafu tunamhukumu kwa kuwa mamba. Alisema kumuua asiyeweza kujieleza ni ukatili mkubwa kuliko ule alioufanya mamba. Hata Khalfani alikuwa ametuma neno kutoka kitandani kwamba mamba kafanya umamba wake, asiuawe kwa ajili yake.

Basi mie nikasimama. Mbele ya Ami, mimi mwanamke, nikasema kwamba mkono uliokwenda haurudi na kuua hakuoteshi mkono. Nikasema hata sheikh wetu amesema usipopatikana si kosa. Bosi alinitazama macho yamemlowa, akanishukuru mbele ya watu wote. Nilijiona mtu, Mama Didas. Nilijiona mimi ndiye mwenye huruma na Ami Hija ndiye mwenye roho ngumu.

Lakini Ami ni Ami. Alikwenda kwa maafisa wa wanyamapori akakaa pale mpaka wakamsikiliza. Walikuja, wakaona uzio uliooza na pembeni yake bembea za watoto, wakasema mamba huyo hawezi kubaki, na aliyeshajeruhi mtu hawana pa kumpeleka. Atauawa.

Hapo bosi akabadilika. Kwanza alisema atamsafirisha mpaka Rufiji kwa gharama yake. Walipokataa, akasema basi auawe, ila azikwe mzima bila kupasuliwa, kwa heshima. Ami Hija akamuuliza heshima ya nani. Bosi akajifuta uso kwa leso. Alikuwa anatoka jasho na jua lilikuwa bado halijapanda. Niliona, nikadhani anamwonea huruma mnyama wake.

Risasi ilipolia nililia na mimi. Walimvuta kwa kamba, na alipolazwa chini ndipo nikaona alivyokonda, mkia wote mifupa. Kumbe bosi alikuwa anaagiza ashindishwe njaa ili Jumapili aruke vizuri wateja wafurahi. Ami aliniomba nishike beseni, kwa kuwa mimi ni damu yake Khalfani na mikono yangu imezoea nyama. Mkono tuliupata. Sitakueleza ulivyokuwa. Ami aliuvisha kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, na huyo mzee tuliyemwita roho ngumu alikuwa anatetemeka mabega. Tuliuzika siku hiyo hiyo.

Lakini kabla ya kuzika, kulikuwa na vitu vingine mle tumboni. Mawe, vizibo, kandambili ya mtoto. Na kipande cha chuma.

Mama Didas, kama mama mkwe wako yuko karibu mwite akae nawe, ndipo uendelee.

Kilikuwa kibamba chembamba cha chuma, kirefu kama mpini wa kijiko cha mchuzi, kina matundu yamepangana, na kwenye matundu mawili bado zimo skrubu. Unakumbuka Gaudens alivyogongwa na bodaboda pale Tabata, akavunjika mfupa wa mguu chini ya goti, wakampasua wakamwekea chuma? Unakumbuka daktari alivyotuonyesha kwenye picha ya eksirei, na wewe ukanishika mkono mpaka kucha zikaniingia? Tuliyahesabu pamoja yale matundu ili tusiitazame sana ile picha. Nimeyahesabu tena, shoga yangu. Ni yale yale.

Saa mtu anaweza kuidondosha majini. Mkanda unaweza kutupwa. Lakini chuma kile kilikuwa ndani ya mguu wa mumeo, chini ya ngozi. Hakiwezi kufika mle bila yeye.

Afisa aliuliza ni kitu gani, na kabla sijafungua mdomo bosi akasema ni bawaba ya geti la zamani. Afisa akakitupa kwenye ndoo ya takataka. Nikainama kama ninayesafisha beseni, nikakichukua, nikakifunga kwenye pindo la khanga. Nilipoinua uso, bosi alikuwa ananitazama.

Juzi alikuja hapa nyumbani. Alikuwa peke yake, amevaa vizuri, amebisha hodi kwa adabu. Aliuliza hali ya Khalfani, akanikumbusha kwamba dawa na gari la kumpeleka kufunga kidonda vyote vinatoka kwake. Kisha akasema anatafuta kipande kimoja cha chuma, eti ni cha pampu yake. Mbele ya afisa kilikuwa bawaba, kwangu kimekuwa pampu. Nilimwambia sijui. Akatabasamu, akasema mimi ni mwanamke mwenye huruma, alinisikia kikaoni, na anajua sitapenda watu wengine waumie. Alipoondoka alimshika kichwani mwanangu Raudha aliyekuwa anacheza mlangoni. Tangu hapo Raudha simwachi atoke peke yake hata chooni, na kila gari likipunguza mwendo hapa nje namvuta ndani.

Ninaogopa, Mama Didas. Sijui alijua lini. Labda alimkuta Gaudens asubuhi ile aliyotoweka, labda alikuta viatu tu. Lakini alijua, la sivyo asingekataza bwawa kukaushwa, wala asingekuambia wewe na dunia nzima kwamba mumeo kakimbilia Msumbiji na mauzo ya Pasaka na mwanamke wa baa. Angesema kweli siku ile, bustani yake ingefungwa, mamba angeuawa siku ile ile, na Khalfani leo angekuwa na mikono miwili. Alimwacha hai kwa sababu mamba ndiye aliyekuwa anamtunzia siri.

Na mimi nilisimama nikamsaidia. Hilo ndilo linalonichoma, nalisema kwako bila kujificha. Kama watu wangenisikiliza mimi na huruma yangu, mamba angekuwa Rufiji na Gaudens wako tumboni mwake, na wewe ungeendelea kumlaani mpaka kufa. Lakini nikikumbuka ule mkia wa mifupa bado siwezi kumchukia yule mnyama. Aliyetunyima ukweli alikuwa na miguu miwili. Kama alistahili kufa sijui tena, na nimechoka kujiuliza. Ninachojua ni kwamba kama asingepasuliwa tusingejua.

La kuvunda halina ubani. Nimemwambia Khalfani kila kitu. Nilidhani ataniomba ninyamaze kwa sababu ya dawa zake. Aliutazama mkono wake uliobaki, akasema niende, yeye atakula muhogo na kidonda kitapona chenyewe. Ami Hija ndiye atakayenipeleka polisi, si kituo cha hapa kwetu ambapo bosi anakunywa nao chai, bali cha mjini. Tunakwenda Jumatatu. Raudha nitampeleka Msasani kesho, na mie nitabaki naye huko. Baada ya leo hapa silali tena.

Nakuomba uje. Kama ile picha ya eksirei ulikwenda nayo Rombo, njoo nayo. Ukishuka kituo cha basi usije Pugu, wala usimwambie mtu wa huku kwamba unakuja. Nenda moja kwa moja Msasani, uulize kwa Mzee Hija, watakuonyesha. Usije peke yako, njoo na shemeji yeyote mwenye moyo. Chuma nimekifunga kiunoni usiku na mchana, na sitampa mtu mwingine kabla yako. Ni kidogo sana kwa kuzika, najua. Ami anasema ikiwa mkono ulizikwa, hiki nacho kizikwe, na akasema atakuja kusimama kaburini hata kama padri ndiye anayesoma.

Pole, shoga yangu. Pole kwa miaka yote uliyotembea umeinamisha kichwa. Ningekuwa karibu ningekupakata kama ulivyonipakata mimi nilipofiwa na baba Raudha.

Nisalimie wote wa hapo, na mama mkwe wako mshike vizuri, maana ni mwanawe. Khalfani anakusalimu, anasema samahani barua hii kaisikia tu, kuandika bado anajifunza kwa mkono wa kushoto. Raudha anawasalimu wenzake.

Na Didas, ambaye nasikia shuleni wanamwita mtoto wa mwizi, usimwambie yaliyotoka tumboni. Ni mdogo. Mwambie tu kwamba baba yake siku ile alikwenda kazini, na alikuwa anarudi nyumbani.

Ni mimi shoga yako mwenye hofu,
Mwanakombo