Leso Nilizowaahidi Watu wa Kanada

Swaleh ndugu yangu,

Gereji ya Satwa, hapa Dubai, bado ipo. Spana ulizoniachia ulipohamia Kanada nazitumia mpaka leo, hata baada ya wewe kuzikwa huko. Na bado nawatambia vijana wa gereji kwamba fundi breki anayejulikana Dubai mpaka Kanada ni mimi. Sasa najulikana kweli. Aibu tupu.

Mwanao Zuhura aligombea udiwani huko kwenu, siku moja na uchaguzi wa meya. Akanipigia: "Ami, nirekodie salamu kwa Waswahili wa hapa. Wengi walimjua baba, na wewe alikuwa hachoki kukutaja." Salamu tu, Swaleh! Lakini si unanijua? Nilikohoa, nikajiona niko jukwaani kwetu Likoni, kampeni zetu zile zikanipanda kichwani: "Mpeni kura Zuhura! Kila mama leso, kila mzee sukari! Ni mimi Kassim wa Dubai nasema, kontena liko njiani!" Vijana wakapiga makofi. Nikatuma.

Kontena gani? Mimi hata baiskeli sina.

Kumbe huko hayo ni kununua kura. Kina mama walimgongea mlango wakiulizia leso. Wapinzani wakaipata ile sauti, wakaitafsiri. Mtoto aliyepita nyumba kwa nyumba na baridi ile, akiongea habari za mabasi na barabara, akaishia kusimama ukumbini kujitetea kwamba si mlaghai. Akashindwa.

Nilingoja anitukane. Akapiga, akasema, "Ami, umekula?" Swali lako lilelile, kila nilipoharibu gari la mteja. Niliingia chini ya gari, nikajifanya natafuta nati.

Nimerekodi nyingine. Nimesema leso zilitoka mdomoni mwangu, Zuhura hakujua lolote, anayedai anidai mimi. Safari hii nilimpelekea yeye kwanza. Akasikiliza, akauliza, "Ami, mbona hujajisifu?" Akacheka, lakini kidogo. Kicheko kile kimeniuma, wallahi.

Anasema atagombea tena. Nakuahidi nitamwombea dua, basi. Kimya.

Najua huamini. Ulikuwa ukiniambia, "Kassim, magari yote unayatia breki, mdomo wako je?" Leo arbab, mwenye gereji, kaniuliza mbele ya wateja: yule binti wa Kanada alishinda? Nikamjibu, "Hakushinda. Sababu ni mimi."

Nikasimama hapohapo, Swaleh. Sikuongeza neno.

Pumzika, ndugu yangu.

Kassim