Barua Iliyosambaa Ilikuwa ya Uongo

Jumapili, Kanazi. Manyunyu tangu alfajiri. Migomba inatiririsha maji na mtandao unakuja na kuondoka. Nimetoka misa ya kwanza na sikupokea komunyo.

Nilipoanza kutuma barua yangu ya Jumamosi kwa barua pepe, nilijiwekea sharti moja: niandike ninachokijua tu. Niliandika jinsi mama alivyofukia ndizi za pombe shimoni. Niliandika kuhusu sweta la kijani la kaka yangu Deo, lenye kiwiko kimoja kilichoshonewa uzi wa njano. Wasomaji walikuja mmoja mmoja. Kwa miezi mingi hawakujaza hata darasa moja, na karibu wote niliwajua kwa majina.

Halafu Jumamosi ya wiki iliyopita nikaandika kwamba Deo aliuawa na wakimbizi.

Barua ikasambaa. Watu nisiowajua wakajiandikisha siku nzima. Rafiki yangu Mwajuma, mwenye duka la vitenge Ngara mjini, akanipigia akicheka. "Shoga, wamekuja kama sisimizi kwenye sukari. Wape nyingine ya wakimbizi kabla hawajapoa."

Nikasoma majibu yao. Mmoja aliandika kwamba wachomwe wote humo kambini, na watoto wao. Wengi walimuunga mkono. Mwingine alinishukuru kwa kusema kweli.

Sikusema kweli. Ndiyo maana jana Jumamosi ilipita sikutuma kitu.

Mwaka aliouawa Deo, kambi za wakimbizi kutoka Burundi zilijaa, na majambazi waliteka magari barabarani. Deo alikuwa ananipeleka kwa dada yetu aliyeolewa Biharamulo. Gurudumu la lori letu likapasuka mchana, karibu na kijiji ambako siku mbili kabla mtu na mkewe walikuwa wamekatwa mapanga ndani ya nyumba yao. Sisi hatukujua. Dereva alikwenda kutafuta msaada, na Deo akaenda nyumba ya kwanza kuomba maji. Mimi nilimfuata nyuma na dumu.

Mwanamke alipomwona akapiga yowe. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakatokea na marungu kabla Deo hajamaliza salamu.

"Unatoka wapi?"

"Ngara. Naenda kurara kwa dada, Biharamuro."

Sisi Wahangaza wa Ngara ulimi wetu unaikimbia "l". Tena Kihangaza na Kirundi ni ndugu. Mgeni hawezi kuvitenganisha.

"Mnasikia? Kurara," akasema mmoja wao. "Mulundi huyu."

Naye "r" ilikuwa imemshinda.

Rungu la kwanza lilimvunja taya, hivyo hakuweza tena kujieleza kwa lugha yoyote. Akapiga magoti. Wakaipiga mikono aliyojikingia, nikasikia mfupa. Mwenye panga alimkata shingoni mara tatu, bila hasira, kama mtu anayeangusha mgomba uliokwisha kuzaa. Damu ikashuka mpaka kwenye uzi ule wa njano. Mguu mmoja uliendelea kupiga udongo hadi kiatu kikatoka.

Ndipo yule asiyeweza "r" akanigeukia. "Wewe mtoto, unamjua huyu?"

Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa Kiswahili. Nilichagua maneno yangu. "Shikamoo. Simjui. Mimi nalisubiri lori lile pale."

Kila "l" ilikaa mahali pake.

"Marahaba," akasema. "Nenda zako."

Nilikwenda.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba ni wakimbizi. Hakuna mwingine wa kwetu aliyeona, na mama hakuwa na sababu ya kutoniamini. Msimu wa kupalilia, mwanamke mmoja wa kambini alikuja kuomba kibarua, mtoto mgongoni. Mama alimpiga kwa mpini wa jembe mpaka akaangukia maharage, akaendelea kumpiga palepale chini. Mtoto alilia, kisha akanyamaza. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno moja langu lingeuzuia mkono ule, nami nililimeza.

Sijui kama mtoto yule alipona. Mama amekufa akiamini alikuwa akimlipia mwanawe kisasi.

Baada ya misa nimeyaandika haya yote, nikamsomea Mwajuma kwa simu.

"Watakukimbia, mwenzangu."

"Wakimbie."

"Na wenye kijiji hicho?"

"Sikukitaja."

"Haya. Mimi nipo."

Nimetuma. Wa kwanza amejiondoa kabla sijamaliza chai, na wengine wanamfuata. Hao siwalilii. Niliwaita kwa uongo, na huenda nikabaki na darasa langu lile dogo, nianze tena mmoja mmoja.

Kilichonikaa kooni ni kingine. Kama mama angekuwa hai, na jina lake lingekuwa kwenye orodha ya wasomaji, je, ningebonyeza kutuma?