Sifuri Ilitoka Kwangu

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, kando ya kitanda cha shemeji. Ameshaanza kumeza uji? Huku sisi wazima, isipokuwa goti langu, nalo lina maringo kama mwenyewe.

Unajua binti yangu, mwanao, ni daktari wa uchumi. Jirani mmoja alimletea kikohozi chake, nikamwambia huyu anatibu nchi, si mapafu. Basi ripoti aliyoiandika kuhusu gharama za hospitali ilipotoka, niliizungusha mlango kwa mlango nimeifunga kwenye kitambaa safi. Sikuelewa hata ukurasa mmoja, lakini zile herufi zenye mikia zilinipendeza.

Mwalimu mstaafu wa hesabu ndiye aliyenisomea. Alisifu, akasema hesabu imenyooka juu hadi chini. Kisha akarudi kwenye mstari unaotangulia hesabu yenyewe. Pale imeandikwa tuchukulie kwamba gharama ya muda wa ndugu anayemuuguza mgonjwa nyumbani ni sifuri, kwa kuwa hakuna anachopoteza. Nikauliza nani amethibitisha. Akanijibu kwamba mstari huo hauthibitishwi, unakubaliwa tu, ndipo mengine yafuate. Na yaliyofuata ni kwamba nyumbani ni nafuu kuliko wodi. Ndiyo maana wodi ya shemeji inafungwa mwisho wa mwezi na wagonjwa wanarudishwa majumbani.

Nilimpigia binti yangu simu nimevimba. Miaka mitatu nilimgeuza baba yake kitandani, nikauza cherehani, mgongo ukaisha, na yote aliyaona. Nikamuuliza sifuri hiyo ameiokota wapi. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba ameipata kwangu.

Mdogo wangu, ni kweli. Aliwahi kuniuliza jikoni, huku ananimenyea vitunguu, kumuuguza baba kumenipotezea nini. Nikamjibu hakuna, mwanangu. Nilitaka asome bila majonzi. Kumbe vitunguu alimenya binti yangu, jibu akalichukua mtafiti.

Nimemwambia aandike upya, aweke cherehani na mgongo. Amejibu kwamba ripoti imeshapitishwa, na neno la mama mmoja si ushahidi. Lilipokuwa “hakuna” lilitosha.

Usimchukie, akili ile mtaani kwetu bado haina mwenzake. Mimi ndiye unisamehe. Jumapili nakuja na godoro langu, nikuonyeshe namna ya kumgeuza mtu mzito bila kuvunjika kiuno, na sitaondoka upesi.

Nisalimie shemeji, na wauguzi wote wa wodi hiyo maadamu bado wapo.

Ni mimi dada yako,
Mama Daktari